Msonyo katika Nyumba ya Mwanzo

Watoto wa Nyumba ya Mwanzo waliamini kwamba watu wazima hawana akili.

Hawakusema hivyo kwa ubaya. Walisema kama mtu anavyosema kwamba ng'ombe hawezi kupanda mti, na mara nyingine kwa huruma. Katika lugha yao, ambayo watu wanane tu duniani walikuwa wakiizungumza, mtu mzima aliitwa teno. Kwa kadiri Namkunda alivyoweza kuelewa, maana yake ilikuwa kiumbe ambaye mdomo wake ni wa kulia chakula tu.

Jumanne hiyo teno wa zamu alikuwa yeye. Aliwagawia watoto uji, akawafuta midomo, kisha akasimama pembeni na mikono yake nyuma kama kanuni ilivyotaka. Mlezi hakuruhusiwa kuonyesha kitu kwa kidole, wala kupunga mkono, wala kupiga makofi. Hata juu ya bati la paa walikuwa wamepanda majani mazito ili mvua ya milima ya Kitulo, inayonyesha nusu ya mwaka, isiwafundishe watoto mdundo wowote. Kila kitu ambacho watoto hao wangekisema ilibidi kitoke ndani yao wenyewe.

Pilo alikuwa wa kwanza kumaliza uji, kama kawaida. Kwenye kumbukumbu za kituo aliitwa Wa Kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, miaka sita na nusu; Pilo ni jina alilopewa na wenzake. Alipanda kwenye benchi, akamshika Namkunda kidevu kwa vidole vyenye uji, akamgeuzia uso juu kwenye kioo cha paa.

"Daro," alisema. Akasubiri. Kisha akapanua mdomo wake kabisa, taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa miezi kumi. "Daa. Roo."

Daro ilikuwa ni kile kioo, na mwanga unaopita ndani yake, na pengine chochote kilichoko upande wa pili. Namkunda alilijua neno hilo tangu mwaka juzi. Angeweza kulitamka vizuri zaidi ya mtafiti yeyote wa kituo. Lakini pembeni mwa koo lake, chini ya ngozi, kulikuwa na kitu cha ukubwa wa punje ya mchele walichokiita komeo, na kwa miaka sita komeo hilo lilikuwa limezilaza nyuzi za sauti yake. Aliweza kumeza. Aliweza kukohoa kikohozi kikavu. Kulia aliweza, ila bila mlio.

Pilo alimtazama, akatikisa kichwa, akawaambia wenzake jambo lililowafanya wacheke. Namkunda aliambulia kipande: *huyu anajaribu, jamani, msimcheke.* Halafu binti huyo akamwegemea begani na kumwita kwa jina lake.

Halikuwa neno. Ilikuwa sauti ndefu, ya polepole, ya ulimi kufyonza hewa kwenye meno ya juu. Watoto wote wanane walimwita hivyo, yeye peke yake, tangu walipoanza kuita. Kila waliposema, Namkunda alijisikia amependwa na amekamatwa kwa wakati mmoja.

*

Ili kutoka nyumba ya ndani ilibidi mtu apite chumba cha kati. Mlango mmoja unajifunga nyuma yako, unasimama dakika nzima kwenye kiza ukisikia pumzi zako, ndipo wa pili unafunguka. Alfajiri ya siku ya kwanza Namkunda aliihesabu dakika ile kwa furaha. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ametoka chuo na shahada ya isimu, na swali moja lilikuwa limemkaa kichwani: kwa nini kila mtoto, popote alipozaliwa, huanza kusema bila kufundishwa? Tangazo lilisema, *njoo usikilize lugha ikizaliwa*. Watoto walikuwa ni wale walioachwa hospitalini, wasiodaiwa na yeyote. Yeye alidhani ukimya wake ungekuwa zawadi kwao. Alitia sahihi huku akitabasamu.

Jumanne hiyo Dakta Kokushubila, mkuu wa kituo, alikuwa mezani, shali begani, na kopo lake la kahawa ya kutafuna mkononi.

*Shikamoo Dakta*, Namkunda aliandika kwenye kibao chake.

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Chukua kahawa, leo siku njema." Alisubiri Namkunda akae. "Jopo la wakaguzi limekubali. Watu watatu wagumu kama mawe, na wote wamekubali. Ni lugha. Siyo kelele za watoto, siyo ishara za kubahatisha. Lugha kamili kama Kiswahili, kama Kihaya changu."

Namkunda alifumba macho. Alilijua hilo kabla ya jopo. Alikuwapo mwaka wa nne maneno yalipoanza kushikana, na mwaka wa tano wadogo walipoyachukua maneno ya wakubwa na kuyanyoosha, wakiweka utaratibu ambao wakubwa hawakuwa nao. Hakuna aliyewafundisha. Utaratibu huo ulikuwa umekaa ndani ya ubongo wao kama meno yanavyokaa ndani ya fizi, ukingoja wakati wake.

*Kwa hiyo watatoka?* aliandika.

Dakta aliacha kutafuna.

"Watatoka, ndiyo. Lakini watatoka wakiwa wamefungwa. Sindano ni keshokutwa, Alhamisi asubuhi."

Namkunda alizijua sindano zile kutoka kwenye makaratasi. Ubongo wa mtoto huwa wazi kwa lugha yoyote. Kadiri anavyokua, nyavu laini hujifuma kuzunguka seli zake, taratibu, mwaka hadi mwaka, na ule uwazi unapungua. Dawa ya kituo iliweza kuzifuma nyavu hizo zote kwa siku tatu. Baada yake mtoto angebaki na lugha aliyonayo, imara kama mfupa, na lugha nyingine yoyote ingempita. Angeweza kukariri maneno mawili matatu kama kasuku. Kuzungumza, hapana. Maisha yote.

*Wako wanane*, aliandika. *Watazungumza na nani?*

"Wao kwa wao. Na sisi tutajifunza kwao." Dakta alisogeza kiti karibu. Hakuwa mkatili, Namkunda aliwahi kumwona akitokwa na machozi siku Wa Sita alipopata homa ya mapafu. "Nisikilize, Namkunda. Wakitoka wazi, Kiswahili kitawameza. Ndani ya miezi sita watakuwa wanachanganya. Ndani ya mwaka hutapata neno moja safi. Tangu binadamu awe binadamu, hatujawahi kuisikia lugha iliyozaliwa bila mama. Hii ndiyo pekee. Tuiache ife kwa sababu watoto wanataka kucheza na majirani?"

Ubaya ni kwamba na yeye aliipenda lugha ile. Usingizini, siku nyingine, aliota akiizungumza.

"Na kitabu changu kinahitaji wao wawepo, nisikufiche," Dakta aliongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mchumba. "Ile sauti wanayokuitia wewe. Wewe ndiye uliyewanywesha chupa wakiwa wachanga. Sauti ya kunyonya imegeuka kuwa jina la mlezi. Unaelewa maana yake? Huenda ndilo neno la kwanza la binadamu. Neno la mama. Nimelingoja miaka thelathini."

Namkunda alitazama kibao chake kikijizima.

*

Lwitiko, fundi wa kumbukumbu, alikuwa anakula mahindi ya kuchoma mbele ya skrini sita.

"Dada, karibu. Wewe ndiye mtu pekee humu ndani asiyenikatiza nikiongea, ndiyo maana nakupenda. Unataka nini?"

Aliandika: *Mwaka wa pili. Mwezi wa tatu, tarehe kumi na moja. Jikoni, saa mbili asubuhi.*

"Mh. Umekumbuka na saa." Alijifuta vidole kwenye suruali, akatafuta. "Haya, hiyo hapo. Tunaangalia nini? Sufuria?"

Walikuwa wanaangalia sufuria. Kwenye picha Namkunda, mwembamba zaidi, alikuwa anaitua. Watoto wanane, wa mwaka mmoja na ushee, walikaa kwenye viti vyao wakimtazama. Mpini uliteleza. Uji wa moto ukamwagikia mguu wake, akainama, mdomo umefunguka kupiga yowe lisilotoka. Kisha akanyanyuka, akaitazama sufuria ile, na mdomo wake ukafanya kile ambacho mdomo wa mama yake ulikifanya kwa mvua, kwa redio, kwa wifi zake, na kwa kila kilichomuudhi kule kwao Upareni.

Alisonya.

Ulikuwa msonyo mzima, wa kutoka moyoni. Komeo halikuuzuia, maana msonyo hauhitaji nyuzi za sauti. Unataka ulimi, meno na hasira. Wataalamu waliofunga koo hawakufikiria meno.

Kwenye skrini watoto wanane walikuwa wamenyamaza kabisa. Halafu mmoja, Pilo, akafyonza midomo yake. Akajaribu tena. Akacheka.

Lwitiko aliweka hindi chini.

"Dada. Lile neno la mama, la kitabu. Ni wewe umesonya?"

Namkunda aliitikia kwa kichwa.

"Uliisonya sufuria, nao wakafikiri unajitambulisha." Alitaka kucheka, akashindwa. "Karibu miaka mitano umekaa na hili? Mbona hukusema?" Akajipiga paji la uso. "Nisamehe. Mbona hukuandika?"

Aliandika taratibu. *Kifungu cha tisa.*

Lwitiko alikitafuta kwenye mkataba na kukisoma kwa sauti. "Mlezi atakayetia doa lugha ya watoto atapoteza haki ya kufunguliwa komeo." Alisoma tena. "Nani ameandika hiki? Mwanasheria ambaye hajawahi kukosa sauti hata kwa mafua. Na namba ya kufungulia wanayo wao tu?"

*Wao tu. Mkataba wangu unaisha Ijumaa.*

"Ijumaa hii? Siku moja baada ya sindano?"

Namkunda alikuwa ameipangia Ijumaa hiyo kwa miaka sita. Angempigia mama yake simu na kumwacha aseme "haloo, haloo, nani?" mara tatu, kwa raha ya kumsikia, ndipo amjibu.

*Ukiwapelekea jopo picha hii*, aliandika, *watajua lugha si safi. Hawatakuwa na sababu ya kuwafunga.*

"Ningeipeleka sasa hivi. Lakini hapa hakitoki kitu bila sahihi ya Dakta. Hata picha ya paka siwezi kuituma nyumbani." Alisugua shingo yake, pale ambapo Namkunda alikuwa na kovu. "Itabidi umwendee mwenyewe."

*

Alimwendea Jumatano baada ya chakula cha mchana. Hakuandika. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma kwa mazoea, akasonya.

Dakta Kokushubila aliinua kichwa. Kwa nukta chache uso wake ulikuwa wa mwanamke wa Kiafrika aliyesonywa na binti mdogo ofisini kwake, na hasira ilianza kupanda. Kisha ikaondoka, na kilichokuja baada yake kilikuwa kibaya zaidi.

"Rudia."

Alirudia. Halafu akaweka kibao mezani. Alikuwa ameandika yote usiku uliopita, tarehe na saa na sufuria.

Dakta alisoma. Alifungua kopo la kahawa, akalifunga. "Mara ngapi?"

*Mara moja. Baada ya hapo ni wao wenyewe.*

"Kwa hiyo miaka minne nimeandika kitabu juu ya hasira yako ya uji."

*Nisamehe Dakta.*

"Usiniombe." Aliinuka, akaenda dirishani, ambako hapakuwa na cha kuona ila ukungu juu ya majani. Aliporudi, sauti yake ilikuwa laini. "Neno moja. Katika maneno elfu moja na mia mbili. Mengine yote ni yao. Utanimwagia bahari nzima kwa sababu ya tone moja?"

*Jopo liamue.*

"Jopo litafunga kituo. Litawatawanya watoto kwenye nyumba nane. Hapo utakuwa umewaokoa?" Dakta hakungoja jibu la swali ambalo Namkunda alikuwa amelala nalo. "Ijumaa asubuhi namba ya komeo lako itakuwa hapa mezani. Utarudi kwa mama yako ukiwa na sauti. Nenda kapumzike, binti yangu. Hukuniambia kitu. Huna sauti, ungeniambiaje?"

Akakisukuma kibao kuelekea kwake. Kilikuwa kimefutwa, cheupe.

Katika chumba cha kati, milango yote miwili ikiwa imefungwa, Namkunda aliweka paji la uso kwenye chuma. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko miaka sita. Nyuma yake kulikuwa na watu waliojua kusema na hawakutaka kusikia. Mbele yake kulikuwa na watoto waliodhani hana la kusema.

*

Alhamisi waliwakalisha watoto kwenye benchi kwa mpangilio wa umri. Muuguzi alikuwa na sinia na sindano nane juu yake. Yeye na Dakta hawakuwa na komeo, kwa hiyo walivaa barakoa nene za kuzuia sauti, zilizofungwa nyuma ya kichwa. Kwenye pembe ya dari kamera ilikuwa inawaonyesha jopo, huko mjini walikokaa. Juu ya mlango iliwaka taa ya kijani. Sauti yoyote ya mtu mzima ingeigeuza nyekundu, na kila kitu kingesimama.

Namkunda aliitegemea taa ile. Hakulala usiku kucha akiitegemea.

Muuguzi alimpaka Pilo pamba ya spiriti mkononi. Pilo alishtuka kwa ubaridi, akamtafuta Namkunda kwa macho.

Namkunda akasonya. Akatazama kamera akasonya kwa nguvu zake zote.

Taa ilibaki kijani.

Alielewa mara moja. Mtambo wa taa ulifundishwa kwa orodha ya sauti aliyoitengeneza Dakta. Kwenye orodha hiyo sauti ile ilikuwa ya watoto. Kwa msonyo wa jikoni, Namkunda mwenyewe ndiye aliyeufundisha mtambo umpuuze.

Lakini watoto hawakumpuuza. Wa Sita aliinuka kwenye benchi. Pilo alinyoosha kidole, macho yamemtoka. *Amesema! Amesema jina lake!* Wote wanane wakaanza kumwita kwa pamoja, misonyo mirefu na mifupi, wakicheka, wakiruka, kwa kuwa teno wao, aliyejaribu muda wote huo, hatimaye amefanikiwa. Mdogo kabisa alimkumbatia mguu, ule wenye kovu la uji.

Muuguzi alisimama na sindano hewani, akimtazama Dakta, akingoja ishara.

Namkunda naye alimtazama Dakta. Hakuwa na kibao. Hakuwa na mikono. Ilikuwa nyuma, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita aliileta mbele. Akaiweka kichwani kwa Pilo. Akasonya tena, polepole sana, mara hii bila hasira, kama watoto walivyomfundisha.

Dakta Kokushubila alifumba macho. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, na sindano ingeingia. Mikono yake ilipanda nyuma ya kichwa, ikahangaika na vifungo, barakoa ikaanguka.

"Simamisheni," alisema.

Taa ikawa nyekundu.

"Sauti hiyo ni ya mlezi," Dakta aliieleza kamera. Alikuwa analia, lakini alisema wazi, kama anayesoma matokeo. "Ilitoka kwake tangu mwanzo. Nimejua tangu jana. Lugha hii haikuzaliwa bila mama. Simamisheni."

Hakuna mtoto aliyepumua. Walikuwa wanatazama mdomo wake.

*

Milango ya chumba cha kati ilifunguliwa saa tano, yote miwili kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Ukungu ulikuwa umepanda. Watoto walisimama kizingitini wakitazama daro, ambayo ilikuwa kubwa mno na haikuwa na kioo.

Dakta alikuja kusimama karibu na Namkunda. Shali lake lilikuwa limemwanguka begani.

"Jopo limeichukua namba ya komeo lako," alisema. "Kifungu cha tisa. Nimewaambia wanifunge mimi, wamesema mimi sina komeo la kufungwa." Akalivuta shali juu. "Nitaandika barua. Nitaandika kila siku. Na nimewaomba watoto wasitenganishwe. Hilo bado hawajalikataa."

Namkunda alimshika mkono. Akafikiria simu itakayoita kesho kule Upareni, na Lwitiko akiwa ndiye anayesema haloo kwa niaba yake.

Pilo alirudi akikimbia kutoka kwenye majani, miguu imelowa. Alikuwa na jambo mdomoni. Alikuwa amelibeba tangu asubuhi, akilijaribu chini kwa chini. Alipanda kwenye ngazi, akamshika Namkunda kidevu, akamgeuzia uso kwake.

"Si," alisema. Akasubiri. Akapanua mdomo, taratibu, kwa subira yote ya dunia. "Simaa. Misheni."

Namkunda aliona ulimi ule mdogo ukilishika neno bila taabu, ukilizungusha, ukilifanya lake. Nyuma yake wenzake walikuwa wanaitana kwa neno hilo kwenye majani, na tayari mmoja wao, akitaka mwingine aache kumvuta shati, hakutumia neno lao la zamani. Namkunda alijaribu kulikumbuka neno lile, ili walau mtu mmoja awe nalo.

"Simaa," Pilo alimhimiza.

Namkunda akasonya.

Pilo alicheka, akampigapiga shavu. *Sawa,* alimwambia kwa lugha yao. *Kesho utaweza.*